Kisangani: Almasi zilipimwa, maiti hazikuhesabiwa

Zaidi ya miaka 25 imepita tangu majeshi mawili ya kigeni yapigane katikati ya mji wa almasi wa Kongo. Hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni raia wangapi walikufa.

Mnunuzi wa almasi hana haraka. Anakifungua kikaratasi kilichokunjwa mara kadhaa, anaidondosha almasi kwenye kisahani cha mizani, halafu anasubiri namba itulie. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Ukiwekewa kiganjani huku umefumba macho, huenda usijue kama umeshika kitu. Hata hivyo biashara hii iliona kipimo hicho ni kikubwa mno, ikaigawa karati mara mia, na kila sehemu ya mia ina bei yake. Jiwe likipungua sehemu moja tu, muuzaji anakatwa.

Sasa weka mizani hiyo kando usome maneno ya ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo. Katika siku sita za Juni 2000, mjini Kisangani, raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760.

Kati ya 244 na 760. Tofauti hapo ni watu 516. Hao ni wanafunzi wa shule nzima ya msingi, kuanzia darasa la kwanza hadi la mwisho, ambao dunia haijui iwaandike kwenye daftari la wafu au iwaache. Ripoti haina kosa. Waandishi wake walikusanya walichokipata, na walikuwa waungwana kukiri kwamba vyanzo havikubaliani. Lakini tujiulize imekuwaje katika mji ambao kila kipande cha jiwe kilijulikana uzito wake, watu wakafa pasipo mtu wa kuwahesabu. Tutaona pia kwamba kutokuhesabiwa huko hakukuishia kuwa huzuni tu. Mbele ya sheria kuliwagharimu walionusurika, na kunaendelea kuwagharimu.

Mji unaosema lugha yetu

Kisangani uko mahali ambapo mto Kongo unamaliza kuporomoka kwenye maporomoko ya Boyoma, na kuanzia hapo unapitika kwa meli hadi Kinshasa. Kwenye maporomoko hayo Wagenia wamekuwa wakivua kwa vizazi vingi, wakining'iniza mitego mikubwa ya vikapu kwenye magogo yaliyosimikwa katikati ya maji yanayochafuka. Wabelgiji waliuita mji huo Stanleyville, ila Kiswahili kilikuwa kimeshafika kabla yao, pamoja na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani na Zanzibar. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alifanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887 chini ya bendera ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Inafaa tukumbuke hilo bila kuficha uso. Pembe zilitoka huko mabegani mwa watu waliotekwa. Baada ya pembe ukaja mpira wa msituni, nao Wakongo wakaulipia kwa viboko na viganja vilivyokatwa. Almasi ilipofika ilikuta njia imeshakanyagwa: mali inatoka, mwenye ardhi anabaki na kovu.

Kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura asiisome habari hii kama ya ng'ambo. Watu wa Kisangani wanalia na kuombea wafu wao kwa Kiswahili na Kilingala. Na waliowamiminia makombora hawakuwa wageni kwa lugha hiyo. Kiswahili ndiyo lugha ya jeshi la Uganda. Maofisa wengi wa Rwanda nao walianza uaskari ndani ya jeshi la msituni la Yoweri Museveni huko Luwero, miaka ya 1980, bega kwa bega na hao waliokuja kupigana nao baadaye.

Jiwe linalotoshea kwenye mfuko wa shati

Almasi ya huko haihitaji kampuni yenye mitambo mirefu. Mito iliisomba tangu kale na kuitawanya kwenye changarawe, katika maeneo kama Banalia, Bafwasende na Opala. Kijana anafyeka msitu, anafukua udongo wa juu kwa koleo hadi alifikie tabaka la changarawe, anaijaza kwenye magunia na kuipeleka majini. Hapo anaiosha kwa chekeche. Anaizungusha na kuitikisa ndani ya maji, mawe mazito yanazama na kujikusanya katikati. Kisha anaipindua chekeche juu chini kama mtu anayetoa ugali kwenye sufuria, na yale mazito sasa yanakaa juu ya rundo, kama kiini cha jicho. Anainama, anayapekua kwa ncha ya kidole. Siku nyingi kiini hicho hakina chochote.

Nyuma yake yupo tajiri aliyelipia unga, dawa na koleo. Jiwe likipatikana, kwanza linalipa deni, na kinachobaki kinagawanywa. Kutoka kwa mchimbaji linakwenda kwa mchuuzi, kutoka kwa mchuuzi linakwenda kwa mwenye duka la kununulia mjini, kutoka hapo linapanda ndege. Mchimbaji hajui linauzwa kiasi gani kwenye soko la almasi la Antwerp. Anachokijua ni deni lake.

Ubora huohuo unaoifanya almasi ipendwe na maharusi ndio unaoifanya ipendwe na wenye bunduki. Ni ndogo, haiozi, haina harufu, na haina alama ya mahali ilipozaliwa ambayo askari wa forodha anaweza kuisoma kwa macho. Shaba inahitaji reli na mafuta yanahitaji bomba. Mshahara wa kikosi kizima kwa mwezi unaweza kuvuka mpaka kwenye mfuko wa shati la mtu mmoja. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 almasi iliendesha vita vya waasi wa UNITA nchini Angola, na huko Sierra Leone ikawalisha waasi wa RUF waliokata mikono ya wanavijiji. Habari za Sierra Leone ziliifikia dunia, na baadaye zikatengenezewa filamu. Kisangani haikupata bahati hata ya kusikilizwa.

Wageni wawili mezani

Vita vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Rwanda na Uganda, zilizokuwa zimemsaidia Laurent-Désiré Kabila kuingia Kinshasa mwaka uliotangulia, ziligeuka na kuunga mkono kundi jipya la waasi, RCD. Kabla mwezi huo haujaisha Kisangani ilikuwa mikononi mwao. Mwenyekiti wa RCD alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia ambaye kwa miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo Watanzania wengi waliokaa kwenye madawati yake wakimsikiliza akizungumzia demokrasia ya Afrika.

Mei 1999 RCD ikagawanyika. Kundi moja lilibaki Goma chini ya ulinzi wa Rwanda. Wamba akahamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Tatizo ni kwamba Rwanda nayo ilikuwa na askari wake Kisangani, na hakuna aliyekuwa tayari kuondoka. Mji mmoja ukawa na majeshi mawili ya kigeni, makundi mawili ya waasi yenye jina moja, na almasi zinazoshuka kutoka msituni kila siku zikitafuta mnunuzi, na mnunuzi akitafutwa na mtoza kodi.

Haki itendeke: almasi haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na ushindani wa heshima kati ya makamanda waliojuana tangu ujana. Kulikuwa na swali la nani angetambuliwa kuwa RCD halisi katika mkataba wa amani wa Lusaka. Serikali zote mbili zilisema ziliingia Kongo kulinda mipaka yao, na Rwanda, miaka michache tu baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa na maadui halisi ng'ambo ya mpaka. Lakini mipaka hiyo iko mbali sana na Kisangani, mamia ya kilomita ndani ya msitu. Mtu halindi mlango wake akiwa amesimama chumbani kwa jirani lilipo sanduku la fedha.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Agosti 1999 wageni hao walipigana mitaani kwa mara ya kwanza, na raia zaidi ya 30 wakauawa. Tarehe 5 Mei 2000 wakapigana tena, na raia wasiopungua 24 wakafa. Baada ya hapo wakaahidi kuondoa majeshi yao mjini. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Juni, mizinga ilianza kunguruma asubuhi.

Siku sita

Mto Tshopo unapita kaskazini mwa mji kabla ya kuungana na mto Lindi, unaomwagika kwenye mto Kongo. Waganda walikuwa upande wa kaskazini wa daraja, Wanyarwanda upande wa mjini. Katikati, pande zote mbili, walikuwapo watu wenye nyumba zao. Kwa siku sita makombora yanayokadiriwa kuzidi 6,600 yaliruka juu ya daraja hilo. Kombora la mzinga halichagui. Likikosa kambi linapata jiko, likikosa gari la kijeshi linapata darasa.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa inaorodhesha yaliyobaki: majeruhi zaidi ya 1,000, maelfu waliokimbilia msituni, nyumba za watu zaidi ya 400 zilizobomolewa, shule, hospitali, na Kanisa Kuu la Notre-Dame lililo kando ya mto. Umeme ukakatika na maji yakakatika, katika mji uliozungukwa na maji.

Fikiria siku ya tatu ndani ya nyumba ya matofali yenye paa la bati. Huwezi kutoka kwenda makaburini, kwa kuwa barabara ya makaburini ndiyo uwanja wa vita. Joto la Kisangani halimsubiri maiti. Basi baba na kaka zake wanachimba uani, karibu na mpapai, wanamlaza mtoto waliyempoteza, wanasoma sala kwa kifupi huku wameinamisha vichwa, wanarudi ndani. Familia nyingi zilizika hivyo. Baadaye watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizunguka mitaani wakiokota miili iliyobaki. Lakini kaburi la uani haliandikwi kwenye daftari la manispaa. Aliyepigwa na kipande cha chuma akafia msituni wiki mbili baadaye haandikwi. Mjamzito aliyekosa hospitali haandikwi. Hapo ndipo tofauti ya watu 516 ilipozaliwa.

Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Lilizitaka Uganda na Rwanda ziondoke, na likasema nchi hizo mbili zinapaswa kuwalipa watu wa Kisangani kwa vifo na uharibifu. Wakazi waliosikia habari hizo redioni walikuwa na haki ya kuamini kwamba malipo yako njiani.

Hawakulipwa, wala hawakuachwa wapumzike. Mei 2002, mji ukiwa chini ya RCD-Goma, lile kundi lililolindwa na Rwanda, uasi wa askari wachache ulizimwa kwa kisasi kikali. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watu wasiopungua 80 waliuawa, na kwamba miili ilitupwa mtoni kutoka kwenye daraja lilelile la Tshopo. Mto nao hauna daftari.

Katika miaka hiyo magari na mafuta yalipoadimika, vijana wa Kisangani waligeuza baiskeli kuwa teksi. Wakafunga kiti chenye godoro nyuma, wakaziita toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Mama anayekwenda sokoni alipanda toleka, na mgonjwa anayepelekwa hospitali alipanda toleka. Mji ulio juu ya almasi ukawa unasukumwa kwa miguu ya vijana.

Vitabu vilivyoandikwa vizuri

Wakati wafu wakikosa daftari, mawe yalikuwa na vitabu vyake. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu uporaji wa mali za Kongo. Uganda haina machimbo ya almasi yanayojulikana. Hata hivyo, kwa hesabu zilizonukuliwa na jopo hilo, almasi zilizosafirishwa kutoka Uganda ziliongezeka kutoka thamani isiyofika dola 200,000 mwaka 1997 hadi zaidi ya dola milioni 1.8 mwaka 1999. Uzito nao uliandikwa: zaidi ya karati 11,000 mwaka 1998, na zaidi ya karati 11,000 tena mwaka 1999. Na hizo ni zile tu zilizopita mezani kwa karani. Upande wa Rwanda, nchi nyingine isiyo na almasi, jopo lilieleza juu ya ofisi ndani ya jeshi iliyojulikana kama Dawati la Kongo, iliyosimamia mapato kutoka maeneo yaliyotekwa.

Upande wa serikali ya Kinshasa nako jiwe lilikuwa likilipa gharama. Zimbabwe, iliyotuma majeshi kumtetea Kabila, ilipata mgao wake katika almasi za Mbuji-Mayi. Kwa hiyo asije mtu akadhani kulikuwa na jeshi la waporaji likipigana na jeshi la watakatifu. Almasi ililipia risasi za pande zote, na ikampita mchimbaji kwa pande zote.

Shirika la IRC lilikadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 watu milioni 5.4 walikufa Kongo kutokana na vita, wengi wao kwa malaria, kuhara na utapiamlo baada ya kukimbia makazi na kukosa zahanati. Wataalamu wengine walipinga, wakasema idadi ni ndogo kuliko hiyo. Mabishano yao ni ya mamilioni. Kongo ndiko mahali ambapo wasomi wanaweza kutofautiana kwa idadi ya watu inayolingana na wakazi wa jiji zima, na dunia ikaendelea na shughuli zake.

Cheti cha jiwe

Mei 2000, siku chache baada ya mapigano ya pili ya Kisangani, wawakilishi wa serikali, wafanyabiashara wa almasi na mashirika ya kiraia walikutana katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Walitaka kuokoa jina la almasi. Kabla hawajafika mbali, Kisangani ikaungua kwa mara ya tatu. Matunda ya mkutano huo, Mpango wa Kimberley, yalianza kazi tarehe 1 Januari 2003. Almasi ghafi inayovuka mpaka sharti iwe kwenye kifurushi kilichofungwa na kuambatana na cheti cha serikali.

Mpango huo ulisaidia. Ulizifanya nchi ziandike almasi zinazotoka na zinazoingia, na kumwongezea mwasi ugumu wa kuuza. Lakini tazama unavyotaja uovu wenyewe: almasi ya vita ni ile inayotumiwa na waasi au washirika wao kugharimia mapigano ya kuziangusha serikali halali. Ikiwa anayempiga mchimbaji ni askari wa serikali, cheti kinatoka. Mwaka 2008 majeshi ya Zimbabwe yaliwafukuza wachimbaji wadogo katika machimbo ya Marange, na Human Rights Watch ilieleza kwamba zaidi ya watu 200 waliuawa. Miaka mitatu baadaye Mpango wa Kimberley uliruhusu almasi za Marange ziuzwe. Shirika la Global Witness, lililokuwa miongoni mwa walioupigania mpango huo tangu mwanzo, lilijitoa Desemba 2011.

Na hata pale mpango unapofanya kazi vizuri, chukua cheti chenyewe ukisome. Kina nchi ya asili, uzito kwa karati na thamani kwa dola. Ni cheti cha kuzaliwa cha jiwe. Hakuna mstari wa mtu aliyelitoa ardhini, wala wa aliyekufa liliponyang'anywa.

The Hague inapokosa hesabu

Kongo ilizishtaki Uganda na Rwanda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama mlangoni. Mwaka 2006 majaji walisema hawana mamlaka ya kuisikiliza, kwa hiyo hawakutamka lolote juu ya nani alifanya nini. Kesi dhidi ya Uganda iliendelea, na tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ilikuwa imeshasema kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa, ikiwa ni pamoja na matendo ya askari wake Kisangani na uporaji wa mali asili.

Mama wa Kisangani aliyempoteza mwanawe ataielewaje hukumu hiyo? Kombora lililotoka kaskazini mwa daraja lina nchi inayodaiwa. Kombora lililotoka upande wa mjini halina. Vipande vya chuma vilivyotoboa paa lake havikuandikwa jina la jeshi. Haki yake imekuja kutegemea upepo ulikovuma asubuhi ile na mzinga uliokuwa umeelekezwa kwake.

Uamuzi wa fidia ulitoka tarehe 9 Februari 2022, zaidi ya miaka 21 baada ya zile siku sita. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Kwa vita vyote ambavyo Uganda ilihusika navyo, ilidai vifo 180,000. Majaji walisema ushahidi uliowekwa mbele yao hautoshi kuthibitisha idadi hiyo, wakakadiria vifo kati ya 10,000 na 15,000, na wakatoa kiasi cha jumla: dola milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa na milioni 60 kwa mali asili. Jumla dola milioni 325, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka.

Hapo ndipo kaburi la uani lilipoingia mahakamani. Mahakama iliona vigumu kumlipia maiti asiyeandikwa popote. Hati za vifo, majina, tarehe na vyeti vya hospitali vilikuwa haba kutoka kwa watu ambao hospitali zao zilipigwa mabomu na ambao walizika kwa kuvizia. Kukosekana kwa hesabu, ambako mwanzoni kulikuwa sehemu ya maafa, sasa kulipunguza hata fidia ya maafa hayo. Aliyeuawa bila kuandikwa alipotea mara ya pili, safari hii kwenye karatasi.

Fedha zimefika, watu wanangoja

Uganda ilianza kulipa Septemba 2022. Serikali ya Kongo iliunda mfuko maalumu wa kugawa fidia, unaojulikana kama FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Baada ya miaka mingi ya kusubiri, hii ilipaswa kuwa sura ya kufungia simulizi. Badala yake mfuko umeandamwa na malalamiko ya walioathirika kuhusu orodha za wanufaika, ucheleweshaji na matumizi ya fedha. Mwaka 2025 mahakama ya juu mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa sababu ya dola zipatazo milioni 19 zilizotengwa kujenga gereza Kisangani, fedha zilizotoka katika fidia hiyo. Mwenyewe alikana kosa.

Hata tukiliacha suala la hatia, tuutazame mpango wenyewe. Fedha zilizotolewa kwa jina la waliouawa zilikuwa ziende kujenga gereza, wakati kilema wa mguu bado anaomba mguu wa bandia. Mtu haupati uthubutu wa kufanya hivyo kama wanaodai ni watu wenye majina, waliohesabiwa mmoja mmoja, wanaojulikana nyumba zao. Unaupata pale wanaodai wanapoitwa kwa neno moja tu: wahanga.

Kwa sababu hiyo nadhani kazi ya kwanza kwa Kisangani haihitaji mabilioni. Inahitaji madaftari na watu waaminifu wa kuyashika. Waende mtaa kwa mtaa, Tshopo, Makiso, Mangobo, Kabondo, Lubunga, waulize kila familia: nani alikufa, alikuwa na umri gani, alizikwa wapi, nani alikuwapo. Waliokuwa watoto mwaka 2000 sasa ni wazazi, wanakumbuka. Wazee waliochimba makaburi yale wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na kila mzee anayeondoka anaenda na majina. Vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki vina wanafunzi wa historia, sheria na takwimu, na lugha ya kuulizia wanayo tayari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichompa nafasi profesa aliyeongoza moja ya makundi yaliyoushika mji ule, kina sababu ya ziada ya kutuma watu.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uleule wa 2022 ambao hukumu ya fidia ilitoka. Sasa nchi tatu za vita vile, Kongo, Uganda na Rwanda, zinakaa meza moja Arusha, zikizungumzia ushuru wa forodha na soko la pamoja. Kwenye meza hiyo ndipo pa kuuliza swali ambalo The Hague haikuweza kulijibu, la yale makombora yaliyorushwa kutoka upande wa mjini.

Nasi tunaonunua pete, wachache tuwezao, tunaweza kuuliza dukani jiwe limetoka wapi na limepita mikononi mwa nani, na tusiridhike na jibu kwamba lina cheti. Swali hilo halimrudishi mtu. Lakini muuza duka anayeulizwa mara nyingi huanza kumuuliza anayemletea.

Kila mwaka, ifikapo tarehe 5 Juni, watu wa Kisangani hukumbuka wafu wao. Siku moja, badala ya kusoma namba mbili zenye pengo la watu 516 katikati yake, mtu asimame mbele yao na daftari, aanze kusoma majina kwa sauti, jina na umri, jina na umri. Asiruke hata yule mtoto wa uani, karibu na mpapai.